Mtoto Wako Akichora, Usimpige



Juma lililopita alinijia mama mmoja ofisini, hapa parokiani, ameshika daftari mkononi. Nilidhani amekuja kuandikisha ubatizo. Sivyo. Aliliweka daftari mezani, akasema: “Karani, tazama mwenyewe. Hili ni daftari la hesabu la mwanangu. Hesabu ziko kurasa nne. Zilizobaki zote ni mbuzi.”

Nikafungua. Kweli, walikuwa mbuzi watupu. Mbuzi anakula, mbuzi amelala, mbuzi amesimama kwa miguu ya nyuma akivuta majani ya mti, mbuzi anajikuna sikio kwa kwato. Nikataka kucheka, lakini nikautazama uso wa mama, nikanyamaza. Akaniambia kwamba mwalimu amemrudisha mtoto nyumbani, na baba yake amekasirika sana. Baba amesema hatanunua daftari jingine. Tena amesema, mtoto asipoacha upuuzi huu, atamtoa shuleni akawachunge hao mbuzi anaowapenda.

Je, ndugu msomaji, wewe ungemjibuje mama huyu? Labda ungesema baba ana haki, maana madaftari hayaokotwi njiani. Mimi mwenyewe ningejibu hivyo zamani. Lakini kuna jambo lililonipata ambalo lilinizuia, nami nitawaeleza bila kuficha, ingawa linanitia haya.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, tulipelekwa mazoezini katika shule moja ya kijijini. Siku moja niliwaambia watoto wa darasa la tatu wachore nyumba. Msichana mmoja alichora nyumba yenye ukuta na paa, lakini ndani ya ukuta alichora pia kitanda, chungu, mafiga, na bibi yake ameketi. Nikamwuliza, “Tangu lini ukuta unapenywa na macho?” Darasa zima likacheka. Nikaandika sifuri kubwa kwa wino mwekundu.

Mwaka jana alikuja mwanamke kijana kuandikisha ubatizo wa mtoto wake wa kwanza. “Shikamoo, Mwalimu,” akasema. Nikamwambia mimi si mwalimu tena, ni karani. Akasema, “Kwangu ni mwalimu. Wewe ndiwe uliyenipa sifuri ya nyumba ya bibi.” Hakuwa na hasira hata kidogo. Akaongeza tu kwamba tangu siku ile hakuchora tena, hata chini mchangani. Nikashika kalamu yangu, nisijue la kuandika.

Basi jueni, wasomaji, kwamba kosa lilikuwa langu. Mfaransa mmoja aitwaye Georges-Henri Luquet alichunguza kwa miaka mingi michoro ya watoto, akaanza na ya binti yake mwenyewe, na mwaka 1927 akatoa kitabu juu ya jambo hilo. Alionyesha kwamba mtoto mdogo huchora kile anachokijua, si kile tu anachokiona. Anajua kwamba meza ina miguu minne, kwa hiyo anaichora yote minne. Anajua kwamba bibi yumo ndani, kwa hiyo anamchora, ukuta uwepo usiwepo. Hajakosea. Ameeleza habari zake kwa ukweli wote. Kuchora kama jicho linavyoona ni somo la baadaye, na mtoto hulifikia vizuri asipovunjwa moyo mapema.

Sasa, wazazi wengi huniuliza: kuchora kunafundishwaje? Si kipaji tu cha kuzaliwa nacho? Nawajibu kwamba kipaji kipo, kama vile kipaji cha kuimba kilivyopo. Lakini hata mwenye sauti nzuri hufundishwa kushika sauti yake katika kwaya. Kuchora nako kuna kanuni zake. Nitawapa chache, mwafundishe watoto nyumbani. Hazihitaji fedha nyingi. Kipande cha mkaa chatosha, na karatasi za ndani za mfuko wa saruji zikikung'utwa vizuri.

Kanuni ya kwanza ni kutazama. Mkono hauwezi kuchora ambacho jicho halijakitazama. Mwambie mtoto aketi mbele ya mtungi, autazame kwanza bila kushika mkaa. Shingo ni nyembamba kuliko tumbo kwa kiasi gani? Tumbo limevimba zaidi juu au chini? Kisha achore. Halafu autazame tena, asahihishe.

Ya pili ni kuanza na umbo kubwa. Anayeanza kuchora mbuzi kwa kope za macho atakosa nafasi ya mkia. Aanze na kiwiliwili, ambacho ni kama mviringo mrefu. Kisha shingo, kichwa na miguu. Manyoya na pembe baadaye. Ndivyo mjenzi afanyavyo: haanzi na madirisha.

Ya tatu ni uwiano, yaani ukubwa wa kitu ukilinganishwa na kingine. Watoto wengi huweka macho juu kabisa karibu na nywele. Pima uso wako kwa vidole: utaona macho yako karibu katikati, baina ya utosi na kidevu. Tena mtu mzima ana urefu wa vichwa vyake saba hivi au saba na nusu. Lakini mtoto mchanga ana urefu wa vichwa vinne tu. Ndiyo sababu mtu akimchora mtoto mchanga kwa vipimo vya mtu mzima, hupata mzee mdogo. Kupima ni rahisi: nyosha mkono, shika kalamu wima, fumba jicho moja, uone kitu hiki kinaingia mara ngapi katika kile.

Ya nne ni karibu na mbali. Simama katikati ya njia iliyonyoka. Kingo zake mbili huonekana zikisogeleana mpaka kukutana kwenye upeo wa macho, na miti ya mbali huonekana mifupi kuliko ya karibu. Jambo hili kila mtu huliona, lakini aliyeonyesha kanuni zake kwa vipimo ni Filippo Brunelleschi wa Florence, huko Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1400. Ndiye yule aliyejenga kuba kubwa la kanisa kuu la mji ule. Mwaka 1435 mwenzake, Leon Battista Alberti, akaziandika kitabuni.

Lakini msidhani kwamba picha isiyofuata kanuni hii ya nne ni mbaya. Tazameni mfano wa nyumbani. Sam Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma Makerere, Uganda, ambako Bibi Margaret Trowell, Mwingereza, alikuwa ameanzisha mafundisho ya sanaa katika miaka ya 1930. Bibi huyu hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Aliwasimulia mambo kwa maneno, nao wakachora walivyoyaona moyoni, katika maisha yao wenyewe. Ntiro akachora migomba, mlima, na watu wakifanya kazi zao. Baadaye alisoma London, akarudi kufundisha Makerere, na baada ya uhuru wa mwaka 1961 akaiwakilisha Tanganyika huko London. Picha yake moja ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa na makumbusho makubwa ya sanaa ya New York. Pombe ya ndizi ya Uchaggani! Mtoto wa kijijini alichora alichokijua, na dunia ikaja kutazama.

Sasa nije kwenye jambo la pili, nalo ni kupanga. Mtu aweza kujua kuchora ndege, lakini asijue kumpanga ndege huyo juu ya kitambaa au ukuta ili apendeze. Kazi hiyo nayo ina kanuni zake, na walimu wake wako nyumbani kwenu. Mama, lete khanga yako, tuisome.

Khanga ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Pindo huzunguka pande zote nne. Tazama jinsi ua moja linavyorudiwa na kurudiwa: hilo ndilo marudio, na marudio huleta mwendo kama wa ngoma. Katikati ni mji, mahali pa kulitazama pambo kubwa. Hilo ni mkazo: jicho lijue pa kutua. Ikiwa kila kitu kinapiga kelele, hakuna kinachosikika. Tena tazama upande wa kulia na wa kushoto: uzito wake ni sawa, kama mizani ya dukani. Huo ni urari. Rangi nazo ni chache, mbili au tatu au nne, na rangi ya pindo huonekana tena katika mji, kama ndugu waliofanana sura. Huo ni umoja. Mwisho, tazama mahali palipoachwa bila pambo. Msidhani mchoraji alichoka. Aliacha nafasi makusudi, ili pambo lipate kupumua na jina lisomeke.

Ukitaka kujaribu, funika pindo kwa mikono. Mara mji unaonekana kama mbuzi aliyetoka zizini.

Mkeka nao ni mwalimu. Bibi anayesuka ukili huhesabu miaa yake: mmoja mweupe, mmoja wa rangi, ruka wawili, rudi. Akikosea hesabu mara moja, pambo lote hupotoka mpaka mwisho. Basi nani amesema kwamba mapambo na hesabu ni maadui?

Na kama mtu atasema mambo haya ni ya wasomi tu, nitamtajia Edward Saidi Tingatinga. Alitoka upande wa Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta kazi. Hakusoma shule yoyote ya sanaa. Kama mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama juu ya vipande vya mbao laini za kiwandani, kwa rangi za kupakia baiskeli. Mnyama mmoja mkubwa katikati: mkazo. Nyuma yake rangi tupu: nafasi. Madoadoa mwilini: marudio. Alifariki mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza. Lakini aliwafundisha jamaa zake, na mpaka leo picha za namna ile huitwa kwa jina lake, na jamaa nyingi hula kwa kazi hiyo.

Turudi kwa yule mama. Nilimwomba aje Dominika pamoja na mumewe. Baba alikuja baada ya Misa, amenuna. Yeye ni selemala. Nikamwuliza, “Fundi, mtu akitaka mlango wa pekee, unaanzaje kazi?”

Akasema, “Namchorea kwanza, tukubaliane.”

“Wachora wapi?”

“Chini, kwa kijiti. Au juu ya ubao.”

Kisha akanyamaza. Nami nikanyamaza. Nikalifungua daftari mezani, nikamwonyesha yule mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Akalitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye goti la mbuzi. “Hapa amekunja sawasawa,” akasema polepole, kama mtu anayekagua kiungo cha kiti.

Hata hivyo sikumtetea mtoto katika kila jambo. Daftari la hesabu ni la hesabu, na mwalimu alikuwa na haki. Kijana aliitwa, akaambiwa hivyo mbele yetu wote. Tukapatana namna hii: hesabu kwanza, na baba azione zimekwisha, kisha kuchora, kwa mkaa, juu ya karatasi za mifuko ya saruji. Shule haachi. Baba akasema, “Vema, lakini achore milango, asichore mbuzi.” Nikamwambia, “Fundi, mwache aanze na mbuzi. Mlango utakuja.” Akatikisa kichwa, lakini alicheka.

Siwaahidi, wasomaji wapenzi, kwamba kijana huyu atakuwa Ntiro wa pili. Huenda atakuwa selemala kama baba yake, au mkulima, au mwalimu. Lakini anayejifunza kuchora anajifunza kutazama. Na anayejua kutazama huona ufa wa ukuta kabla haujaanguka, huona jani lenye ugonjwa kabla shamba halijaharibika, huona uso wa mtoto wake kabla hajasema kwamba anaumwa. Hayo si mambo ya kupuuza.

Yule mwanamke wa sifuri nilimwomba radhi siku ileile, kwa maana karani naye hana budi kufuta makosa ya mwalimu. Aliniambia, “Yamekwisha, Mwalimu.” Lakini najua hayajaisha yote, maana ile miaka ya kuchora haikurudi. Kwa hiyo nawasihi ninyi wazazi, na ninyi walimu wenzangu wa zamani: mtoto akikuletea nyumba inayoonyesha mafiga na bibi ndani yake, usimwulize ukuta uko wapi. Mwulize, “Bibi anapika nini?” Utasikia habari nyingi.

Kwaherini. Tuonane juma lijalo.