Mgeni wa Chokoleti na Jembe la Siku ya Tatu

Lugha yetu ina mithali mbili juu ya mgeni. Ya kwanza yasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi twaikariri ya kwanza kwa sauti kubwa, na ya pili twaificha kila mgeni anapotoka mbali. Nadai kwamba kuificha huko si adabu, bali ni hasara.

Imekuwa desturi katika nchi tajiri kwa mtu mwenye ujuzi kujitolea kwenda ng'ambo kwa juma mbili au tatu, aufundishe ujuzi wake bila ujira, na wakati huohuo atembee aone maisha ya wenyeji. Miongoni mwao yumo fundi wa chokoleti. Asubuhi hufundisha, jioni huchezewa ngoma, na mwisho wa juma huenda mbugani kutazama nyumbu. Simlaumu kwa kupenda kutembea. Kutembea ni elimu. Namlaumu, na zaidi natulaumu sisi wenyeji, kwa kuziita safari na kazi jina moja.

Tuipime desturi hii Turwa, katika mji wa Tarime. Huenda msomaji akacheka, maana Turwa si nchi ya kakao. Kakao yetu hutoka hasa Kyela, mkoani Mbeya, na sehemu za Kilombero, mkoani Morogoro. Nyanda za juu za Tarime zajulikana kwa kahawa. Lakini kahawa ya Tarime na kakao ya Kyela zina msiba mmoja: sehemu kubwa ya kila moja huondoka nchini ikiwa punje, na kazi iletayo faida kubwa hufanywa kwingine. Kwa hiyo swali la chokoleti ni swali la Turwa pia. Tena Turwa ina kipimo cha kujitolea ambacho fundi wetu hajakisikia.

Wakurya, kutoka Tarime hadi Serengeti, wana kazi ya ujima iitwayo risaga. Mwenye shamba ndiye aitaye majirani. Yeye ndiye aonyeshaye wapi palimwe. Wajao huja kufanya kazi, nao hulishwa na kunyweshwa. Zamu ya jirani ikifika, mwenye shamba naye huchukua jembe akaenda. Huko ndiko kujitolea kwa watu wanaoheshimiana: mwito watoka kwa mwenyeji, kazi yachaguliwa na mwenyeji, na deni hulipwa kwa kazi.

Mpime sasa mgeni wa chokoleti. Nani alimwita? Mara nyingi ni chama cha kwao kilichomtafutia mahali pa kwenda. Nani alichagua kazi? Ni ujuzi alionao yeye, si haja waliyo nayo wenyeji. Na zamu ya kurudisha i wapi? Kijana wa Turwa akitaka kwenda kwao juma tatu, afundishe kazi ya mikono yake na kutazama maisha yao, atadaiwa viza, akiba ya benki, na hakikisho la kuwa atarudi. Risaga ya upande mmoja si risaga.

Nitaambiwa: apewaye bure hachagui. Najibu kwamba hapana bure hapa. Vijana waliacha mashamba, mkalimani alipoteza siku zake, na mwenyeji alichinja kuku. Gharama iliyo kubwa kuliko zote ni mazoea ya kuamini kwamba maarifa ni kitu kishukacho kutoka ndege, na kwamba ndege ikiondoka yameondoka nayo.

Historia ya kakao yenyewe yakanusha imani hiyo. Mwaka 1879, Rodolphe Lindt, katika mji wa Bern, Uswisi, alipata njia ya kuikoroga chokoleti kwa saa nyingi hata ikawa laini. Mwaka huohuo Tetteh Quarshie, mhunzi wa Gold Coast, ambayo ndiyo Ghana ya leo, alipanda huko Mampong mbegu za kakao alizotoka nazo kisiwa cha Fernando Po, alikokwenda kufanya kazi. Hakungoja mtalii amletee. Alikwenda, akaona, akarudi na mbegu. Zao hilo likaenea hata Ghana na Côte d'Ivoire leo hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Mti ulisafiri mikononi mwa mfanyakazi. Mashine ya Lindt ilibaki Ulaya. Basi kilichopungua Afrika si wageni wa kutuonyesha chokoleti. Kilichopungua ni njia ya vijana wetu kwenda kuishika mashine hiyo na kurudi na ufundi wake.

Wala sisemi mlango ufungwe. Vijana wa Peace Corps walipoletwa Tanganyika mwaka 1961, wapima ardhi na wahandisi wa barabara, walifunzwa Kiswahili na walitakiwa kukaa miaka miwili. Mtu aweza kubishana juu ya siasa iliyowaleta, na watu walibishana. Lakini miaka miwili na lugha ya wenyeji ni jembe. Juma tatu na mkalimani ni matembezi.

Masharti yetu yawe haya. Mgeni aje kwa mwito. Akae msimu mzima, maana punje za kakao huchachushwa siku 5 hadi 7 kabla ya kuanikwa, na mwanafunzi hatajua kuchachusha mpaka akosee na kurudia. Chombo atumiacho kiwe cha kutengenezeka Tarime au Kyela kikiharibika. Asiondoke kabla mwanafunzi wake hajamfundisha mtu wa tatu mbele ya macho yake. Na chama kilichomleta kimpokee kijana mmoja wa hapa kwa muda uleule.

Liko na jembe letu sisi wa vyuo. Kuchachusha, kuanika, kukaanga, kupepeta, kusaga: maneno haya tunayo tangu zamani. Lakini ile kazi ya kuipoza chokoleti mpaka kwenye nyuzi 31 au 32, ili igande iking'aa, haina jina lililozoeleka kwa Kiswahili. Kazi isiyo na jina katika lugha ya mfanyakazi itamngoja daima mkalimani, na mkalimani atamngoja mgeni. Twende kwa wakaanga kahawa na wachachusha kakao, tusikie wanavyosema, tuandike.