DRIPU SI BANGILI!

Wiki hii mapenzi na mitindo tuyaweke kapuni kidogo. Nataka kuongelea mikono yenu. Ndiyo, hiyo hiyo mnayoipaka losheni kila asubuhi!

Majuzi nilipanda Zirai, kule milima ya Usambara, kwa mama mkubwa. Nikamkuta kaka yangu, kijana wa kuchuma iliki, katoka kulazwa kwa homa ya mapafu. Homa imekwisha, mkono wa kulia haukunjuki! Kanula, kile kimrija cha dripu, alichomekwa kwenye kiwiko, na kwenye mkono wa kazi. Siku nne anachomewa sindano za masaa hapo hapo. Kila akikunja mkono, kile kimrija kinachezacheza ndani. Mshipa umevimba, mgumu kama kamba. Msimu wa iliki huo unampita, na nyumbani wanamtegemea yeye.

Sasa sikilizeni, maana hospitali hakuna mjanja. Dawa za kuua vijidudu hazichomwi mara moja. Ni mara kadhaa kwa siku, siku kadhaa, na nyingine kali, kama kloksasilini, zinaudhi mshipa. Kwa hiyo mahali panapofaa kwa mtu mzima ni kati ya kiwiko na kiganja, penye mshipa ulionyooka, mbali na maungio. Mkono usioutumia sana ndio wa kwanza. Penye kidonda, uvimbe au mshipa ulioharibika, hapana. Mguuni nako tusiende bila sababu, maana hatari ya damu kuganda ni kubwa zaidi.

Ila tusibishane na manesi bure. Mtu kazidiwa, mshipa wowote unaopatikana haraka ni halali, hata wa kiwiko. Akitulia ndipo anahamishwa. Na watoto wachanga wana yao, wao huwekewa hata kichwani au mguuni.

Njia nyingine ni kupunguza muda wa dripu yenyewe. Zamani malaria kali ilikuwa kwinini, dripu ya masaa manne, kila baada ya masaa manane. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika. Hospitali ya Teule, Muheza, chini tu ya milima hiyo hiyo, na ile ya Korogwe zilishiriki. Waliopewa kwinini walifariki 10.9 katika kila mia, wa atesuneti 8.5. Na atesuneti huingia kwa dakika chache tu, sindano tatu ndani ya masaa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka mgonjwa aweze kumeza vidonge.

Basi ukilazwa, sema kwa adabu: “Sista, mimi natumia mkono wa kulia, naomba uangalie wa kushoto kwanza.” Hakuna atakayekuchapa! Akinawa mikono, akapaka spiriti, mwache isubiri ikauke. Baadaye ukiona pamekuwa pekundu, pana joto, panauma au pamevimba, usijikaze kisabuni. Ita nesi akitoe. Na ukishaanza vidonge, uliza kama bado kina kazi. Dripu si bangili, haivaliwi kwa urembo.

Haya, tukutane wiki ijayo, mikono ikiwa salama!