Maghala ya Zamani, Karakana Mpya za Sanaa: Somo kwa Mbulu na Hanang

Miji mingi duniani imeyapa majengo ya viwanda vilivyofungwa kazi mpya ya kuwa makao ya wasanii. Mfano unaovutia wageni wengi ni eneo la 798 jijini Beijing, China, ambako kiwanda cha vifaa vya elektroniki kilichojengwa miaka ya 1950 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki kiligeuzwa karakana na kumbi za maonesho mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Afrika Mashariki nayo ina mifano yake. Jijini Nairobi, kituo cha GoDown kilianza mwaka 2003 ndani ya ghala la zamani katika eneo la viwanda. Jijini Dar es Salaam, Nafasi Art Space, iliyoanzishwa mwaka 2008, ipo katika eneo la viwanda vidogo Mikocheni, na makontena ya mizigo yamefanywa vyumba vya kazi. Anayetembelea maeneo hayo humkuta msanii akiwa kazini, huuliza, na hununua kwa mwenye kazi bila dalali.

Wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara hazina historia ya viwanda vikubwa. Majengo yanayokaribiana na hayo ni maghala ya mazao na karakana za mashamba ya ngano ya Basotu, yaliyoendeshwa na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO) kwa msaada wa Canada katika miaka ya 1970 na 1980. Hata hivyo, sanaa ipo tayari. Wahunzi wa Kidatoga huyeyusha shaba na vyuma chakavu wakatengeneza bangili na vichwa vya mishale. Wanawake wa Kiiraqw wana urithi wa sketi za ngozi zilizonakshiwa kwa shanga. Katika bonde la Yaeda, Wahadzabe hutengeneza pinde, mishale na mapambo. Kazi hizi zikikosa mahali pa kufanyiwa na kuuzwa, kijana hana sababu ya kujifunza kwa mzee wake, na ujuzi huondoka na anayeujua.

Pamoja na hayo, kupaka rangi kuta za ghala si kazi ngumu. Suala zito ni nani atamiliki mahali hapo. Umaarufu wa 798 ulipandisha kodi za pango, na wasanii wengi waliolianzisha eneo hilo wakalazimika kuhama. Kwa Hanang suala hilo lina uzito zaidi, kwa kuwa mashamba ya ngano, yaliyofikia takriban ekari 100,000, yalichukua malisho ya wafugaji wa Kibarabaig, na mgogoro wa Kijiji cha Mulbadaw na NAFCO ulifika Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980. Jengo la sanaa linalosimama juu ya ardhi yenye historia hiyo haliwezi kuanza kwa kuwasahau wenyeji wake.

Kwa hiyo, kabla ya jengo lolote kubadilishwa matumizi, mambo matatu yanapaswa kuwekwa wazi. Kwanza ni hati: jengo ni mali ya halmashauri, chama cha ushirika, kijiji au mwekezaji, na wasanii watapangishwa kwa muda gani na kwa kodi ipi. Pili ni usalama: maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 mjini Katesh na vijiji jirani, yaliyoua watu zaidi ya 80, yameonesha kuwa eneo lililo chini ya Mlima Hanang linahitaji ukaguzi wa wataalamu. Tatu ni mtaji. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya wahunzi na washona shanga vinavyotimiza masharti vinaweza kuomba, kama vinavyoomba vikundi vya ufugaji wa kuku au ushonaji.

Mahali pa kuanzia ni mkutano mkuu wa kijiji, ambako wananchi wana haki ya kuuliza majengo yapi hayatumiki na kwa nini, kisha Baraza la Madiwani. Mkataba wa pango wenye miaka ya kutosha, ukiandikwa kabla ya mgeni wa kwanza kufika, utamlinda mhunzi kuliko sifa zitakazokuja baadaye.