TCF Canada: kusoma kwa Kifaransa hakutoshi

Mtu aliyesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu, iwe Bukavu ao Goma, anashangaa Canada ikimuomba uhakikisho kwamba anajua lugha hiyo. Lakini kwa anayetaka kuhamia kikazi kupitia Express Entry, diploma haitoshi. Lazima apite TCF Canada ao TEF Canada.

Wengi wanajitayarisha kwa kurudilia sarufi, na hapo wanapoteza muda. Kwenye TCF, kizito ni saa. Kusikiliza ni maswali 39 kwa dakika 35, na sauti inapita mara moja tu. Kuongea ni dakika 12, kazi tatu. Ya mwisho unatoa maoni yako papo hapo, bila kutayarisha. Sisi tuliozoeshwa kukariri na kunyamaza mbele ya mwalimu (nami nikiwemo) tunakwama hapo, si kwenye sarufi.

Tena matokeo yanadumu miaka 2 tu. Anayekimbilia mtihani wakati karatasi zingine hazijakamilika anaweza kujikuta analipa mara ya pili, tena kwa dola. Kwanza ajipime nyumbani: simu mezani ikihesabu dakika, rafiki akiuliza maswali asiyoyategemea.