Penseli ya Elfu Moja, Ledi ya Hamsini

Wasee, hii post nimeiandika mara tatu nikiifuta. Wacha tu niseme.

Mwaka jana mwezi wa saba, duka moja la mtandaoni linalouza vitu vya shule lilinitumia seti ya penseli za kubonyeza. Kwa macho zilikuwa moto: mwili wa chuma, rangi nyeusi isiyong'aa, pale pa kushikia pamechongwa mistari, na kando kuna kakopo kadogo ka ledi za bure. Walinilipa elfu tatu. Nikaweka taa vizuri, nikabonyeza penseli karibu na maiki msikie ile "tik tik", nikaandika jina langu kwenye karatasi safi, nikasema hii ndio penseli ya mwisho utakayonunua maishani. Hiyo video ilienda kuliko zote nilizotoa mwaka huo.

Mwezi wa kumi na moja nikapata DM. Ni msichana wa kidato cha nne, anafanya Drawing and Design. Aliweka akiba, akanunua ile seti kwa sababu yangu, akaingia nayo kwenye mtihani wa KCSE, na zile ledi za bure zikaanza kumkatikia. Alihesabu mpaka kumi na moja, akaacha kuhesabu. Hakunitusi. Aliniuliza tu kama mimi mwenyewe nilikuwa nimewahi kuchora kitu nazo.

Jibu ni hapana. Niliandika jina langu tu. Herufi sita.

Sasa, maoni yangu, na nayasema nikiwa mmoja wa waliokosea: sisi watu wa kontenti tunawauzia mpini. Penseli ya kubonyeza ni mpini. Kinachogusa karatasi ni ledi, na hakuna anayeongea kuihusu kwa sababu haipendezi kwenye kamera. Ni vijiti vyeusi ndani ya kichupa. Kwa hivyo mtu anatoa elfu moja kwa penseli, akifika kwa ledi anaambia muuzaji "nipe yoyote ya hamsini". Hapo ndio umaskini wetu unapotuuma mara mbili.

Hii kitu ilinipata hata mimi kabla ya kamera. Mnajua niliacha chuo. Niliacha kwa sababu ya karo, si kwa sababu ya penseli, kwa hivyo msianze. Lakini ile semista mbili nilizosoma kulikuwa na somo la michoro ya uhandisi, na mimi ndiye nilikuwa kichekesho cha darasa. Kila nikivuta mstari, tak. Nabonyeza, tak. Karatasi yangu ilikuwa na vidoti vyeusi kila mahali, na ukijaribu kuvipangusa vinageuka moshi. Mhadhiri alipita nyuma yangu siku moja akasema mkono wangu ni mzito, labda kazi ya kuchora si yangu. Alisema bila ubaya wowote. Na mimi nilimwamini. Nilitembea na hilo neno miaka miwili. Hata nilipoanza kuchora vibonzo vya video zangu, nilikuwa nachorea simu kwa kidole kwa sababu nilijua tayari kwamba mimi na penseli hatupatani.

Baada ya ile DM nilikasirika, zaidi kwa aibu, nikaenda tao kutafuta ukweli. Nilinunua kichupa kimoja cha ledi ya Pentel, 0.5, HB, shilingi mia mbili na kitu. Usiku huo nikakaa kwenye meza ya mathe na penseli ileile ya ile seti. Daftari moja, rula moja, mkono uleule mzito. Ukurasa wa kwanza nikatumia ledi za bure, mistari ya rula juu mpaka chini. Zilikatika mara tisa. Nikazitoa zote, nikatia ile ya tao, ukurasa wa pili. Ilikatika mara moja, na hiyo moja nilikuwa nimebonyeza hadi ikatoka ndefu kama mwiba wa samaki.

Nilikaa hapo nikiangalia kurasa mbili. Sijui niseme nini zaidi kuhusu huo usiku.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe. Kwanza jina. Kiswahili cha vitabu kinaiita risasi ya penseli, na ndio maana mathe alikuwa ananigombeza nikiilamba, ati nitapata sumu ya risasi. Hamna risasi humo. Ni grafiti, ndugu ya makaa na almasi, zote ni kaboni. Waingereza walipoipata kule Cumbria miaka ya 1500 walidhani ni aina ya risasi, na jina likanata.

Ledi ya penseli ya mbao ni unga wa grafiti umechanganywa na udongo wa mfinyanzi, ukachomwa. Mfaransa Nicolas-Jacques Conté ndiye aliisajili hiyo njia mwaka 1795, wakati Ufaransa ilikuwa vitani na Uingereza na hawakuweza kupata grafiti ya kule. Inafanya kazi mpaka leo kwa sababu mbao ni koti. Lakini kijiti cha nusu milimita hakina koti. Ukikitengeneza kwa udongo kitakatika ukikohoa. Kwa hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wajapani wa Pentel wakaleta ledi inayoshikanishwa na polima, yaani jamaa wa plastiki, badala ya udongo. Ikipitia moto mkali ile polima yenyewe inageuka kaboni na kushikanisha chembe za grafiti kwa nguvu.

Hii inakupa jaribio la bure. Chukua kijiti kimoja, shika ncha mbili, kikunje polepole. Ledi nzuri inapinda kidogo kabla ya kukatika, unaiona ikijaribu. Ile mbaya haijaribu chochote. Inakatika kama spageti ambayo haijapikwa.

Unene ndio watu wengi wanakosea. Namba kwenye penseli na namba kwenye kichupa lazima zifanane. 0.7 haiingii kwenye penseli ya 0.5, na 0.5 kwenye penseli ya 0.7 inateleza inaanguka. Hilo ni rahisi. Lenye hatuambiwi ni kwamba nguvu haiongezeki sambamba na unene. Kijiti kikiwa kinene mara mbili, nguvu yake ya kuvumilia kukunjwa inaongezeka mara nane. Kwa hivyo ile hatua ndogo kutoka 0.5 kwenda 0.7 si ndogo. Kama kweli una mkono mzito, ama unafanya hesabu kwa haraka ukiwa na hasira, 0.7 ni rafiki yako na hakuna aibu. 0.5 ni ya kila siku na ya michoro ya kawaida. 0.3 ni ya watu wenye subira, mimi sina.

Halafu ugumu. H ni ngumu na hafifu, B ni laini na nyeusi, HB iko katikati, na namba ikiongezeka ndio inazidi kuelekea upande wake. Kwa mchoro wa kiufundi, mistari ya kwanza ile ya kujengea ichore na 2H, isiyoonekana sana na isiyochafua, halafu HB kwa mistari ya mwisho. Insha, hesabu, noti: HB ama B. Kuchora sura za watu na vivuli: 2B, lakini ujue laini inaisha haraka na inakatika kirahisi kuliko ngumu ya unene uleule. Na kama unaandika na kushoto kama dadangu, mkono wako unapita juu ya ulichoandika. Ukitumia 2B utatoka darasani na ubavu wa kiganja umekuwa fedha. Baki na HB, hata H. Jambo moja tu la kuangalia: HB ya kampuni moja si lazima ifanane na ya nyingine. Usibadilishe kampuni asubuhi ya mtihani ukidhani herufi ni herufi.

Dukani fanya hivi. Kichupa kiwe cha kuonekana ndani. Kiinamishe polepole, angalia kama vijiti vyote vinafika mahali pamoja. Kawaida kijiti ni milimita 60, na kichupa cha 0.5 mara nyingi ni vijiti kumi na viwili, vingine ni arobaini. Ukiona vipande vifupi na vumbi jeusi chini, hicho kichupa kimeanguka ama ndani ni takataka. Rudisha. Hesabu pia, kwa sababu nimeona vichupa vya bei rahisi vyenye vijiti saba ndani vikiuzwa kama vimejaa. Na jina kubwa peke yake halitoshi, feki ziko kila mahali tao. Karatasi ya nje ikiwa imechapwa vibaya, ama unene haujaandikwa, ama muuzaji anakataa usijaribu hata kijiti kimoja alichofungua yeye, tembea. Pentel, Uni, Pilot, Staedtler, zile za kweli, zote nimejaribu mwaka huu na zote zilinifaa. Hakuna aliyenilipa kusema hivyo, na nikilipwa nitawaambia.

"Lakini mia mbili ni pesa." Najua. Nilikuwa nakula mandazi mbili na chai kwa siku hostelini, usinifundishe. Nilikuwa nanunua kile kichupa cha hamsini kila wiki. Kila wiki! Kwa sababu kila kijiti kikikatika hupotezi ile ncha peke yake; kinakatika pia ndani, vile vipande vinakuwa vifupi kwa penseli kuvishika, unavitoa unavitupa. Wiki nne ni mia mbili. Kile kichupa cha tao nilianza nacho mwezi wa kumi na moja, nikakimaliza mwezi wa tatu, na nachora karibu kila siku.

Na kama mia mbili haipo kwa mara moja, changeni. Watu watatu, vijiti kumi na viwili, kila mtu vinne. Weka vyako kwenye mrija wa soda uliokunjwa ncha zote mbili, vitakaa salama. Kijiti kimoja kizuri kinaandika kurasa nyingi kuliko unavyofikiria. Na kama hata hiyo haipo, nisikilize vizuri kwa sababu hii ndio sehemu watu wa seti za penseli hawataki niseme: nunua penseli ya mbao ya HB na kichongeo. Penseli ya mbao ya kawaida inashinda penseli ya chuma yenye ledi mbovu, kila siku, bila mjadala. Sisi tuliofanya KCPE tulipaka vile visanduku vya majibu na penseli ya kawaida, na karatasi yenyewe ilituagiza hivyo. Hakuna aliyeulizwa penseli yake ni ya bei gani.

Tabia pia ina lawama yake, siwezi kuiachia ledi yote. Bonyeza mara moja ama mbili, si tano. Kijiti kikitoka nje kirefu unakipa mgongo wa kuvunjikia. Usijaze penseli, vijiti viwili au vitatu ndani vinatosha, vikibanana vinakwama. Usiiangushe na mdomo chini. Ile bomba ndogo ya mbele ikipinda hata kidogo itavunja ledi nzuri na mbaya bila ubaguzi, na hapo kweli kosa ni la penseli.

Yule msichana nilimjibu. Nilimwambia ukweli, kwamba sikuijaribu, kwamba nililipwa, na nikamtumia pesa ya seti kwa M-Pesa. Alisema asante. Hakusema mtihani ulienda vipi, na mimi sikuwa na uso wa kuuliza. Ile video nimeitoa, hata kama ndiyo iliyokuwa inaniletea watu.

Wiki jana lile duka limenitafuta tena. Wana seti mpya, rangi ya waridi safari hii, na wanatoa elfu tano. Nimewaandikia kwamba nitafanya, ila nitaanza kwa kumwaga ledi zao mezani, kuzihesabu, kukunja moja, halafu kuchora ukurasa mzima kwa rula mbele ya kamera bila kukata. Wamesoma ile meseji, naona zile tiki mbili za bluu. Bado hawajajibu.