Kasi ya Ulimi Si Kusoma

Imeenea miongoni mwa wazazi wa Mbagala, Tandika na Tandale jijini Dar es Salaam, na hata miongoni mwa walimu ambao juhudi yao haina shaka, dhana ya kwamba mtoto anayezipita sentensi za kitabu bila kugugumia amekwisha kujua kusoma, na kwamba kilichosalia ni kumwongezea kurasa. Dhana hii ni batili, na madhara yake yanazidi yale ya kutojua herufi, kwa sababu asiyezijua hutambulikana mapema akasaidiwa, ilhali msomaji wa ulimi mtupu hushangiliwa hadi darasa la saba.

Siudharau mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu ulioanza 2015 kwa madarasa mawili ya mwanzo. Herufi na silabi ni msingi. Walakini Kiswahili, madhali huandikwa kama kinavyotamkwa, humwezesha mtoto kuutamka vizuri hata ukurasa asioufahamu, na hapo ndipo tunapoghurika.

Mwalimu na aandike ubaoni: “Bi Asha alizunguka Mtoni kwa Azizi Ali mchana kutwa, akarudi magharibi, beseni lake la maembe likiwa zito vilevile.” Akiuliza Bi Asha alirudi lini, mikono tele hunyanyuka, kwani jibu liko waziwazi na hata asiyeelewa kitu huliokota. Akiuliza biashara ya siku ile ilikuwaje, na ni neno lipi lililomjuza, darasa hunyamaza. Somo huanzia hapo: sentensi isomwe tena, polepole, na mara ya tatu, mpaka mtoto wa dawati la nyuma aseme, “Zito vilevile, mwalimu, hakuuza.” Kisha mwenzake aulizwe kwa nini mwandishi hakusema tu kwamba hakuuza.

Watu wa pwani walilijua jambo hili zamani. Katika vyuo vyetu kuhitimu Kurani ni heshima kubwa, lakini hakuna aliyedhani kwamba mhitimu amekwisha kuwa mfasiri. Darsa la tafsiri liliwekwa peke yake, na sheikh huweza kukaa na aya moja tangu alasiri hadi karibu na magharibi, wala wasikilizaji wasione kwamba wakati umepotea. Kwa nini basi mwalimu wa darasa la tatu ahesabiwe mvivu akikaa juma zima na aya moja ya kitabu cha Kiswahili?

Najua udhuru unaotolewa: chumba kimoja kina watoto zaidi ya mia, shule huingia kwa zamu mbili, vitabu havitoshi. Udhuru huo waniunga mkono. Aya ya mistari mitano huenea ubaoni ikaonwa na wote; mbio za kumaliza kitabu ndizo zinazodai vitabu tusivyo navyo. Kinachokosekana ni ruhusa. Mthibiti ubora wa shule afikapo Temeke au Kinondoni, asiulize mwalimu amefika ukurasa wa ngapi. Amwite mtoto mmoja, amwambie asome sentensi mbili, amwulize amejuaje alichokijua, wala asimlaumu mwalimu kwa kurasa zilizobaki.