Mayweather hakupigwa hata mara moja: je, sifuri inatosha?

Mabishano juu ya Floyd Mayweather hayaishi Kirungu. Kutoka bandari ya Moba mpaka huku juu mlimani, popote penye simu yenye umeme na vijana watatu, kuna mmoja atakayetoa hesabu ile ile: mapambano 50, ushindi 50, kushindwa sifuri. Akishaitaja anakunja mikono. Kwake maneno yamekwisha. Hata Muhammad Ali hana hesabu kama hiyo, Ali alishindwa mara tano.

Wazee hawakubali, na vijana wanawajibu kwamba wazee wanampenda Ali kwa sababu alikuja Kinshasa. Jibu hilo lina ukweli wake. Lakini upande wa vijana umesimama juu ya namba moja tu, na namba hiyo inafaa ifunguliwe ionekane ndani mna nini.

Kwanza Mayweather apewe haki yake. Alianza kupigana kwa malipo mwezi wa kumi 1996, baada ya kuchukua medali ya shaba kwenye Olimpiki ya Atlanta. Alikuwa bingwa wa dunia katika mizani tano, kuanzia kilo 59 hivi mpaka karibu 70. Kumpiga yule mtu usoni ilikuwa kazi ngumu kuliko kukamata samaki kwa mkono: bega la kushoto limeinuliwa, kidevu kimefichwa nyuma yake, na ngumi ya mpinzani inapita hewani. Wala si kweli kwamba alipigana na watu dhaifu tu. Diego Corrales alikuwa hajashindwa alipokutana naye mwaka 2001, akaangushwa mara tano. Ricky Hatton alikuwa hajashindwa, 2007 akalala raundi ya kumi. Canelo Alvarez naye alikuwa hajashindwa, 2013 akafundishwa ngumi kwa raundi kumi na mbili. Anayesema Mayweather si bondia mkubwa hajamtazama.

Shida inaanza pale sifuri yenyewe inapofanywa kipimo cha ukubwa.

Mwezi wa nne 2002 alipigana na José Luis Castillo wa Meksiko. Waamuzi walimpa Mayweather ushindi, lakini wengi waliotazama waliona Castillo ameshinda, na mpaka leo wanaona hivyo. Mayweather alikubali kurudiana naye mwaka huo huo na akashinda vizuri zaidi, jambo la kumsifu. Hata hivyo, kama kalamu za waamuzi usiku ule zingeelekea upande mwingine, Mayweather angekuwa na moja badala ya sifuri. Je, angekuwa bondia mwingine? Mikono ingekuwa ile ile, miguu ile ile. Namba tu ndiyo ingebadilika.

Halafu kuna Manny Pacquiao. Dunia iliomba pambano hilo tangu 2009, wakati wote wawili walikuwa motoni. Mazungumzo yakavunjika juu ya vipimo vya damu, yakarudi, yakavunjika tena. Walipoingia ulingoni tarehe 2 mwezi wa tano 2015, Mayweather alikuwa na miaka 38 na Pacquiao 36, na Pacquiao alikuwa amekwisha kulazwa kwa KO na Juan Manuel Márquez mwaka 2012. Mayweather alishinda bila wasiwasi. Nyumba zaidi ya milioni nne huko Marekani zililipia kutazama, na watu wengi walizima televisheni wakihisi wameuziwa nguo ya mwaka juzi. Lawama ya kuchelewa si yake peke yake. Lakini mtu anayelinda sifuri ana sababu ya kungoja ambayo mtu asiye na sifuri hana.

La 50 ndilo baya zaidi. Rocky Marciano, bingwa wa uzito wa juu, alistaafu 1956 akiwa na ushindi 49 bila kushindwa, na kwa miaka mingi namba hiyo ilitajwa kama mlima. Mayweather alimfikia mwaka 2015. Ili ampite, mwezi wa nane 2017 alichagua kupigana na Conor McGregor wa Ireland, bingwa wa mapigano mchanganyiko, ambaye alikuwa hajawahi kupigana ngumi za malipo hata siku moja. McGregor alichoka, mwamuzi akasimamisha pambano raundi ya kumi, na namba ikaandikwa: 50. Kwa biashara ni akili nyingi. Ila kijana wa Kirungu anapoitaja hiyo 50 kana kwamba kila moja ina uzito sawa, ajue kwamba ya mwisho ilipatikana kwa mtu aliyekuwa katika siku yake ya kwanza kazini. Kusema Mayweather ana 49 ni kumtendea haki.

Kuna jambo lingine ambalo wanaume wanalipita haraka. Mwaka 2012 Mayweather alikaa gerezani miezi miwili huko Las Vegas kwa sababu ya kumpiga mama wa watoto wake. Rekodi ya ngumi haiandiki hilo. Wanaomtaja kuwa mfano kwa watoto wao wa kiume waliandike wenyewe.

Sasa, kinachoshangaza ni kwamba mabishano haya yanafanyika Kongo. Kama kuna nchi inayopaswa kujua thamani ya sifuri, ni hii.

Tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, kabla ya mapambazuko, George Foreman aliingia ulingoni Kinshasa, katika uwanja unaoitwa leo Tata Raphaël. Alikuwa na miaka 25, mapambano 40, ushindi 40, na 37 kati ya hizo kwa KO. Sifuri yake ilikuwa nzuri na ya kutisha. Joe Frazier na Ken Norton, watu wawili waliokuwa wamempiga Ali, Foreman alikuwa amewamaliza kila mmoja katika raundi mbili. Ali alikuwa na miaka 32 na kushindwa mara mbili kwenye vitabu. Kwa hesabu ya vijana wa simu, pambano lile lilikuwa limekwisha kabla ya kengele. Raundi ya nane Foreman alikuwa chini.

Kwa nini? Ali alikuwa amekwisha kujua kupigwa kulivyo. Frazier alimwangusha 1971, na inasemwa kwamba Norton alimvunja taya 1973. Usiku ule aliegemea kamba, akaacha ngumi za Foreman zimpate tumboni na mikononi, akangoja nguvu zimwishie mwenzake. Foreman hakuwahi kufikishwa mahali pale na mtu yeyote, hakujua afanye nini nguvu zikiisha. Na Foreman huyo huyo, baada ya kushindwa, baada ya kuacha ngumi na kuwa mhubiri, alirudi na kuchukua ubingwa wa dunia mwaka 1994 akiwa na miaka 45. Alipofariki mwezi wa tatu 2025, watu walimlilia kwa sababu ya yale aliyoyafanya baada ya Kinshasa kuliko yale ya kabla.

Karibu zaidi na hapa kuna Sumbu Kalambay. Alizaliwa Lubumbashi 1956, akaenda Italia, akapata uraia huko, na mwaka 1987 akawa bingwa wa dunia wa WBA wa uzito wa kati. Mwezi wa tatu 1988, huko Pesaro, aliletewa Mike McCallum wa Jamaika, mtu aliyekuwa hajashindwa na ambaye mabondia wengi wakubwa walimkwepa. Kalambay alimshinda kwa pointi. Sifuri ya McCallum ilivunjwa na mtoto wa Lubumbashi, mji wa jimbo ambalo Tanganyika ilikuwa ndani yake mpaka 2015. Mwaka mmoja baadaye Kalambay aliangushwa na Michael Nunn raundi ya kwanza, huko Las Vegas, na bahati mbaya picha hiyo ndiyo inayozunguka. Vijana wanaomjua Mayweather mpaka jina la baba yake hawajui Kalambay ni nani. Hiyo ndiyo kazi ya sifuri: inamfuta mtu mzima kwa sababu ya usiku mmoja mbaya.

Na Junior Ilunga Makabu? Pambano lake la kwanza la malipo, mwaka 2008 Afrika Kusini, alishindwa raundi ya kwanza. Siku ya kwanza kabisa, sifuri imekwenda! Mwaka 2016 Tony Bellew alimlaza mjini Liverpool wakati wakigombea mkanda wa WBC. Tarehe 31 mwezi wa kwanza 2020 alisimama Kinshasa mbele ya watu wake, akamshinda Michał Cieślak wa Poland, na mkanda ule ule wa WBC ukawa wake.

Jambo hili lina maana nje ya simu. Kijana akianza ngumi, au hata mpira, na akashindwa mbele ya mtaa, kicheko kinamfuata mpaka sokoni. Wengine hawarudi mazoezini. Na mwalimu anayeogopa kicheko hicho atamtafutia mwanafunzi wake wapinzani wepesi, mmoja baada ya mwingine, ili aseme ana kijana asiyeshindwa. Kijana huyo siku akivuka kwenda Kalemie au Lubumbashi atakutana na mtu aliyepigwa mara tatu na kujifunza mara tatu, na hakuna atakayemsaidia.

Hapo Canelo anarudi kwenye mazungumzo, na wapenzi wa Mayweather wamsikilize. Alikuwa na miaka 23 Mayweather alipomvunjia sifuri yake. Hakuacha. Mwaka 2021 alikusanya mikanda yote minne ya uzito wake, na wakati huo Mayweather, bado na sifuri yake, alikuwa akifanya maonyesho ya kulipwa na watu wa mitandao. Mmoja wao, Logan Paul, hakuwa ameshinda pambano hata moja la ngumi.